Kimea cha Saa Kumi

Mwili wa Benigna Mbano ulikutwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1993, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ndani ya ghala lake la nafaka huko Mjimwema. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya magunia mawili ya ulezi. Mchi wa kutwangia ulikuwa umetupwa karibu na miguu yake, na damu ya kisogoni ilikwisha kukauka.

Kufikia saa mbili, Inspekta Leo Kapinga alikuwa amesimama katikati ya ua, leso puani, kama mtu aliyeshushwa jalalani kwa makosa. Alilitazama pipa lililokatwa nusu, akazitazama sufuria zenye masizi, kisha akamtazama Oliva, jirani aliyeukuta mwili.

"Ulifuata nini hapa alfajiri yote hiyo?"

"Togwa, afande. Mama Benigna akichanganya Ijumaa, Jumamosi asubuhi mimi huchota togwa ya watoto kabla haijawa pombe."

"Ukachota?"

"Nilifunua mkeka nikazamisha jagi. Halikuzama. Nikakuta uji umeganda kama ugali uliolala. Nikasema, leo mama kapatwa na nini? Nikaenda kumwita ghalani, ndiyo nikamwona."

"Sikuja kujifunza mapishi," alisema Kapinga. "Nenda pale ukae."

Koplo Dorine Mbawala, aliyekuwa akiandika maelezo, aliyaandika na hayo ya jagi. Kisha alikwenda kwenye pipa, akachomeka mwiko ndani. Mwiko ulisimama wenyewe. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja. Uji wa mahindi, unga wa kimea, ulezi ulioota na kusagwa, ndani yake, wala hauna utamu hata wa kudanganyia mtoto.

"Dorine!" Kapinga alimfokea. "Unakula vielelezo?"

"Samahani, afande."

Alijifuta kidole. Kapinga hakujua, wala Dorine hakuwahi kumwambia, kwamba yeye amekulia pembeni mwa pipa kama lile, na kwamba mama yake alimsomesha kwa pombe. Kituoni pale watu wa pombe ya kienyeji waliitwa uchafu, na waliowaita hivyo jioni walikwenda kulewa kwingine, kwa bei kubwa zaidi. Dorine aliwadharau kimyakimya. Alikuwa akimwomba Mungu amwondolee dharau hiyo, na Mungu hakuwa na haraka.

Pale langoni palikuwa na gunia la ulezi, limeshonwa, halijafunguliwa. Mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kulitoboa pembeni na anakula bila wasiwasi. Dorine alimfukuza, akaliandika na gunia.

Saa tatu na nusu alifika Gaspari Mbano, mtoto wa kaka yake Benigna, mwenye baa mpya karibu na stendi, baa yenye jokofu na redio kubwa. Aliteremka kwenye pikapu iliyotoka Namtumbo, miwani ya jua usoni, akalia kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko machozi. Kapinga alimshika bega. Walifahamiana vizuri. Inspekta alikuwa na kiti chake katika baa ile, na alikunywa bia nyeusi ya Ulaya ambayo Gaspari peke yake ndiye aliyeipata Songea nzima, ikivuka ziwa, alisema, kutoka kwa rafiki zake wa ng'ambo. Tangu serikali iruhusu kila mtu aingize anachoweza, hakuna aliyeuliza imevukaje.

"Mara ya mwisho ulimwona lini shangazi yako?" Kapinga aliuliza kwa upole.

"Jana, saa sita mchana. Nilipita kumuaga. Yupo, anakoroga uji wake, mvuke umejaa ua mzima. Saa saba nikapanda gari kwenda Namtumbo. Saa kumi kasoro nilikuwa nimekaa na wakulima wa tumbaku, watu ishirini, waulizeni. Nimelala huko."

"Na huyu marehemu alikuwa hai mpaka saa ngapi, kwa kuangalia kazi hii?"

Gaspari aliinua mkono, akalionyesha pipa. "Afande, Mjimwema yote inajua. Shangazi alikuwa akipika uji mpaka mchana, akiuacha, na kimea akikitia saa kumi jioni. Hakuwahi kutia kabla ya saa kumi hata siku moja. Tazama, ungo wa kimea ni mtupu, na pipa limefunikwa mkeka. Amechanganya, amemaliza. Basi aliyemuua alikuja baada ya saa kumi."

Kapinga aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Daktari alikwisha kusema kwamba mama huyo alikufa kati ya mchana na jioni ya Ijumaa, na kwamba asilazimishwe kusema zaidi. Sasa saa ilikuwa imepatikana bila daktari.

"Nani alikuja hapa baada ya saa kumi?" aliuliza kwa sauti.

Oliva alijibu kutoka pale alipowekwa, bila kujua anachokifanya. "Lidwina. Alipita saa kumi na nusu."

Lidwina alikuwa mwanafunzi wa Benigna, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni. Alhamisi waligombana sokoni mbele ya watu. Lidwina alitaka kuanza kupika pombe yake mwenyewe, ya haraka, kwa sukari na hamira ya dukani. Benigna alimcheka mpaka wauza dagaa wakageuka. "Pombe ya sukari ni ya wavivu na ya vichwa vinavyopasuka," alisema. "Kwangu ni nafaka tupu. Kama huwezi kungoja mbegu iote, nenda kauze maandazi." Lidwina alijibu kwa hasira kwamba iko siku kikongwe yule atakwenda na utaalamu wake kaburini.

Maneno hayo yalitosha. Saa nane mchana Lidwina alikuwa mahabusu, na mtoto amebaki mikononi mwa Oliva, analia kutaka ziwa.

"Jumatatu saa nane mchana anakwenda mahakamani kwa kosa la kuua," Kapinga alisema, akifunga jalada. "Andaa karatasi."

"Afande, yuko mtu mwingine. Mwenye gunia la langoni."

"Mlete, tumalize."

Mwenye gunia alikuwa Swalehe, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Tunduru, mtu wa makamo mwenye kofia safi na maneno machache. Aliketi mbele ya Kapinga kama anayengoja mvua ipite.

"Wewe Mwislamu unafuata nini kwa mpika pombe?"

"Nauza ulezi, bwana mkubwa. Anayenunua akipika uji au akipika hayo mengine, hilo ni baina yake na Mola wake."

"Ijumaa ulifika saa ngapi?"

"Nilitoka msikitini, nikala, nikampelekea gunia lake. Saa nane kamili. Nilibisha hodi mara tatu, hakuitika mtu. Nikalitua langoni nikaenda zangu."

"Unasema uongo. Saa nane alikuwa ndani, hai, anangoja saa yake ya kumi."

"Basi alikuwa hai na hakutaka kuniitika. Mimi namjua miaka sita. Nikikohoa tu njiani hutoka kunitukana kwamba nimechelewa."

Dorine aliinua kichwa. "Mzee Swalehe, aliwahi kuacha ulezi wake langoni?"

"Benigna?" Kwa mara ya kwanza Swalehe alicheka. "Binti yangu, yule alikuwa anaokota punje moja moja. Aache gunia zima mbuzi wale?"

Kapinga alimwachia aende, kwa sababu saa nane haikumfaa. Dorine alibaki akiitazama saa nane hiyo kwenye karatasi. Benigna aliyekuwa hai saa kumi angelivuta gunia lile ndani kabla ya kugusa kimea.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikwenda kumwona Lidwina. Alimkuta amekaa sakafuni, kifua cha gauni kimelowa maziwa.

"Mwanangu amekula?"

"Oliva anampa uji. Lidwina, nisikilize. Ijumaa saa kumi na nusu ulifanya nini?"

"Nilibisha hodi. Kimya. Nikaona pipa limefunikwa mkeka, nikajua amechanganya bila kuningoja. Nikasema, haya, bado amenuna. Nikaondoka. Ghalani sikufika, dada. Nakuapia Mungu."

"Usiape. Niambie kimea kinatiwaje."

Lidwina alimtazama kwa kutoamini. "Leo ndiyo unauliza pombe?"

"Leo."

"Uji ukiiva unaachwa upoe. Mama alikuwa anatia mkono ndani, anasali Salamu Maria moja, taratibu, si ya kukimbia. Mkono ukivumilia mpaka amina, kimea kinaingia. Ukiunguzwa katikati, unangoja. Uji alioupika yeye, kwa pipa lile, ulipoa kwenye saa kumi. Ndiyo saa yake hiyo."

"Na mtu akitia wakati uji unatokota?"

"Kimea kinakufa. Uji unabaki uji. Hauwi mwepesi, hauwi mtamu, hauchachi hata ungoje wiki. Mtoto wa darasa la pili anajua hayo." Alijifuta uso. "Nilimtukana mbele za watu, dada. Alhamisi hiyohiyo jioni alinisamehe, na watu hawakuona. Alitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa mkubwa mmoja, anacheka, lakini cheko la hasira. Akaniambia, leo nimeonjeshwa bia ya Ulaya. Jumapili baada ya misa nitasimama niwaambie ni Ulaya gani. Sikumwelewa."

Dorine alielewa nusu. Nusu iliyobaki aliifuata kwenye baa ya Gaspari saa saba mchana.

Baa ilikuwa imefungwa mlango wa mbele kwa ajili ya msiba, na mlango wa nyuma uko wazi kwa ajili ya wateja. Wakubwa watatu walikuwa ndani, wakiomboleza kwa bia nyeusi. Mmoja, aliyevaa suti ya mtumba yenye mabega mapana, alikuwa akimweleza mwenzake tofauti ya kinywaji cha kistaarabu na takataka za vilabuni.

"Hii ukiinywa unajua kabisa mzungu ametulia akaifikiria," alisema, akilamba povu kwenye mdomo wa juu.

Dorine hakunywa pombe. Aliagiza chupa moja ya bia ile, akalipa, akaimimina yote kwenye bilauri polepole. Bia ilikuwa nyeusi, safi, yenye povu la rangi ya kahawa. Chini ya chupa kulibaki tope jembamba jekundu. Akalishika kwa kidole. Ndani ya tope kulikuwa na maganda madogo ya ulezi. Kizibo nacho kilikuwa na alama za koleo pembezoni, na kimekunjwa mara mbili.

Alimkumbuka mama yake akichuja pombe kwa kitambaa mara tatu na kungoja siku nne ituame. Ulezi ulioota, ukakaushwa, na sehemu yake ikakaangwa mpaka ikawa nyeusi. Kazi ya mikono miwili ya kikongwe wa Mjimwema, na mwenye suti alikuwa amekwisha kuivua uraia.

Jioni hiyo alisali rozari yake, akalala mapema.

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa mezani kwa Kapinga.

"Nahitaji muda wa saa mbili, afande, uani kwa marehemu. Na Lidwina, na Gaspari, na mzee Swalehe."

"Jalada limefungwa."

"Litafunguliwa na wakili wake mbele ya hakimu, kama hatukulifungua sisi. Pipa lile linaonyesha Lidwina hakuchanganya."

Kapinga hakupenda kuongozwa, lakini aibu ya mahakamani aliichukia zaidi. Alichukua kofia yake.

Saa nne uani palikuwa na meko mawili na vyungu viwili vya uji vinavyotokota. Dorine alikuwa amechukua kimea kutoka gunia la Benigna mwenyewe, akakipima kwenye bakuli mbili sawasawa. Gaspari alisimama kando, akiitazama saa yake ya mkononi.

"Bwana Gaspari, wewe ni mtu wa familia," Dorine alisema kwa adabu. "Umemwona shangazi akifanya kazi hii tangu utoto. Tusaidie. Tia kimea kama alivyokuwa akitia."

"Mimi?" Gaspari alicheka. "Nilimwona, ndiyo. Ni mchezo wa vibibi, kumwaga na kukoroga. Hata tumbili akifundishwa anaweza."

"Basi tuonyeshe."

Alivua koti asije akalichafua. Alichukua bakuli, akamwaga kimea chote kwenye chungu kilichotoka motoni wakati huo huo, akakoroga mara kumi, akafunika mkeka kwa madaha.

"Tayari. Sasa niende?"

"Bado. Lidwina, zamu yako."

Lidwina alifunguliwa pingu. Alikaa mbele ya chungu chake, hakufanya kitu. Robo saa ikapita. Kapinga alikohoa. Lidwina alichovya mkono, akautoa haraka, akangoja tena. Gaspari alikuwa ameacha kuitazama saa.

Mara ya tatu Lidwina alichovya mkono, midomo yake ikaanza kusogea. "Salamu Maria, umejaa neema..." Alifika mpaka amina. Ndipo akatia kimea, akakoroga, akafunika.

Wakangoja saa nzima na dakika tano. Dorine alifunua chungu cha Lidwina kwanza, akainua upawa. Uji ulimiminika kama maji. Alimpa Oliva aonje, mtoto wa Lidwina akiwa begani.

"Togwa," Oliva alisema. "Tamu kabisa."

Alifunua cha Gaspari. Mwiko ulisimama katikati ya chungu.

"Hivi ndivyo lilivyokutwa pipa," Dorine alisema. "Kimea ni kilekile, uji ni uleule. Aliyechanganya pipa la Benigna alichanganya uji ukiwa wa moto. Benigna hakuweza kufanya hivyo. Lidwina hawezi hata akilazimishwa, mmemwona. Na saa kumi jioni uji ule ulikwisha kupoa. Kwa hiyo kimea hakikutiwa saa kumi. Kilitiwa mchana, uji ukiwa na mvuke, ili sisi tuseme mama alikuwa hai saa kumi. Mzee Swalehe, saa nane ulibisha hodi?"

"Mara tatu. Nilikwisha kusema, sikusikilizwa."

"Hakuitika kwa sababu alikwisha kufa, na gunia likabaki langoni. Nani alikuwa hapa mchana, mvuke umejaa ua mzima? Ni maneno yako, bwana Gaspari, nimeyaandika. Tena wewe ndiye uliyetufundisha habari ya saa kumi. Saa uliijua. Sababu ya saa hiyo hukuwahi kujisumbua kuuliza, kwa kuwa ni mchezo wa vibibi."

"Upuuzi!" Gaspari alimgeukia Kapinga. "Afande, unaacha koplo wako anishtaki kwa uji? Nimuue shangazi yangu kwa nini?"

"Kwa hii." Dorine alitoa chupa kwenye mfuko wake wa kikapu, akaiweka kwenye kiti. "Bia nyeusi ya Ulaya. Chini yake kuna maganda ya ulezi. Askari wawili wako kwenye chumba chako cha nyuma tangu saa tatu na nusu, na wameleta habari kwamba wamekuta faneli, koleo, vizibo vilivyookotwa na madumu manne ya pombe ya Benigna. Lidwina anasema yeye ulimwambia unawapelekea vibarua wa tumbaku. Alhamisi alionjeshwa chupa yako kwenye ubatizo. Ulidhani hataijua kazi ya mikono yake?"

Kapinga aliitazama chupa. Alikuwa amekunywa mbili Jumamosi jioni, kumpoza mfiwa. Uso wake ulibadilika rangi, na hakuna aliyemsaidia.

Gaspari alikaa juu ya kinu, akasahau kwamba suruali yake itachafuka.

"Angesimama mbele ya kanisa zima," alisema. "Nilimbembeleza. Nikamwambia shangazi, watu hawa wananiheshimu, wananiita bosi. Akaniambia, wanaiheshimu pombe yangu, wewe ni chupa tu. Kikongwe mwenye masizi mpaka masikioni, ananiambia mimi hivyo! Akanipa mgongo, akaingia ghalani kuchukua ungo wa kimea. Mchi ulikuwa mlangoni."

"Kisha ukatoka na ungo."

"Nilijua lazima kitiwe. Nikatia."

"Ulifanya haraka," Dorine alisema.

Hakumwonea huruma hata kidogo, na alijua ingempasa kuliungama hilo Jumamosi. Mtu alikuwa ameua kwa kuogopa kuchekwa, halafu akataka kumtia kitanzini mwanamke mwenye mtoto wa ziwa, na kilichomwangusha ni kwamba kazi iliyomlisha aliiona haistahili hata swali moja. Alimfunga pingu, akamkabidhi kwa askari.

Saa saba na nusu, nusu saa kabla ya wakati wa mahakama, Lidwina alitia sahihi kitabu cha kuachiwa. Kapinga mwenyewe alikuja kaunta.

"Mama, pole sana kwa usumbufu. Ni kazi. Gari lipo, litakupeleka mpaka nyumbani."

Lidwina alikuwa amekwisha kumpokea mtoto kutoka kwa Oliva. Alifungua vifungo vya gauni palepale kaunta, mbele ya inspekta na askari wake wote, akamnyonyesha. Kapinga aligeuza macho ukutani. Mtoto alivuta kwa pupa, akipumua kwa shida, mpaka mkono wake uliokuwa umekunjwa ngumi ukalegea.

"Nimekuambia gari lipo," Kapinga alirudia.

"Nimesikia," Lidwina alisema bila kumtazama. "Ngoja amalize. Nitatembea."